Surua Ilipofuta Kumbukumbu

Uso wa bibi yangu ulikuwa na vishimo. Vilikuwa vidogo, vingi zaidi puani na mashavuni, na nilipokuwa mtoto nilipenda kuvipapasa kimoja kimoja jioni akinipakata barazani. "Ndui hiyo," alikuwa akisema, kisha ananyamaza kidogo.

Aliipata akiwa binti mdogo, kijijini kwetu Muheza, chini ya milima ya Usambara. Yeye akapona, kaka yake hakupona. Tangu hapo, kila ndui ilipoingia nyumba ya mtu, aliyetafutwa ni yeye. Aende akakae na mgonjwa, amnyweshe uji, amgeuze kitandani, amfulie nguo zenye usaha, huku ndugu wa damu wamesimama uani wanachungulia. Alikuwa hajafika hata miaka kumi na mitano. Hakuogopa, na wazee hawakuona ajabu kumtuma, kwa sababu jambo moja lilijulikana na kila mtu: ndui haimrudii aliyekwisha kuiugua.

Habari hiyo niliisikia mara nyingi bila kuitia maanani. Nilikuja kuielewa mwaka 2009, nikiwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya maabara, katika somo la utangulizi wa magonjwa ya kuambukiza na kinga ya mwili. Wiki za mwanzo nilikariri tu. Bakteria, virusi, fangasi, vimelea. Kisha chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili: neutrofili, limfosaiti B, limfosaiti T, makrofaji. Nilikuwa nayataja majina hayo njiani kuelekea bwalo la chakula kama mtoto anayehifadhi sura. Jaribio la kwanza nikapata 31 kati ya 100.

Swali lililoniangusha lilikuwa fupi: kwa nini mtu haugui surua mara mbili, ilhali mafua anaugua kila mwaka? Nilijaza kurasa mbili. Siku ya kurudishiwa karatasi nilimfuata mwalimu ofisini kwake, nikamwamkia, akanionyesha kiti.

"Umeniandikia majina ya walinzi wote wa benki," aliniambia. "Hujaniambia ni nani kati yao anayeijua sura ya mwizi."

Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mzee aliyewahi kuugua ndui. Nikamweleza habari za bibi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini. Akasema kwamba mwaka 430 kabla ya Kristo, Athene ilipokumbwa na tauni, mwanahistoria Thukidide aliandika kwamba waliowahudumia wagonjwa kwa moyo mkunjufu zaidi ni wale waliokwisha kupona, kwa kuwa ugonjwa haukumrudia mtu kwa kiasi cha kumuua. "Bibi yako na huyo Mgiriki," akasema, "wameona kitu kilekile."

Akanipa na kisa cha pili, ambacho nimekisimulia tangu siku hiyo kila nilipopata nafasi. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Ilikuwa haijaonekana visiwani humo tangu 1781, yaani miaka 65. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alitumwa kuichunguza. Katika watu wapatao 7,800, karibu 6,000 waliugua, watoto kwa wazee. Lakini Panum alipowauliza vikongwe waliougua surua ya 1781, alikuta hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Miaka 65 ilikuwa imepita, nywele zimekuwa nyeupe, meno yameng'oka, lakini mwili bado unamtambua adui uliyekutana naye mara moja tu utotoni.

Hapo ndipo somo lilipofunguka kwangu. Vitabu vingi huieleza kinga kama jeshi, na walimu wengi nao hivyohivyo, na mimi mwenyewe nilianzia huko. Mfano huo una msaada wake, ila unaficha jambo kubwa zaidi. Nguvu ya kinga si silaha tu, ni kumbukumbu. Mwili huzalisha limfosaiti za aina nyingi mno, kila moja imeumbwa kutambua umbo lake, nyingi hazitakutana nalo maisha yote. Kirusi kinapoingia, katika umati huo hupatikana chache ambazo umbo lao linaoana nacho. Hizo ndizo zinazoanza kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, hadi zifike maelfu kwa maelfu, na baadhi zinageuka viwanda vya kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui huyo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ndizo siku mtu anazougua. Vita ikiisha, nyingi hufa, lakini chache hubaki, zikijificha kwenye uboho wa mifupa na kwenye tezi. Mgeni yuleyule akirudi baada ya miaka, wanaoijua sura yake tayari wapo.

Na mafua? Mafua si mgeni mmoja. Virusi vya rhino tu, kundi moja kati ya yanayoleta mafua, vina aina zaidi ya 100. Kila mwaka anabisha hodi mtu ambaye mwili haujapata kumwona.

Ndui yenyewe dunia iliimaliza kwa kutumia kumbukumbu hiyohiyo, kwa chanjo, bila kumngoja mtu augue kwanza. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akajitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio nchini kwake, akiwashawishi wazazi kwa kuwaeleza yaliyompata. Mwaka 2013, akiwa kwenye kazi hiyohiyo ya polio, alishikwa na malaria ikamuua. Huwa naumia nikikifikiria kifo hicho. Ndui ilimwachia kumbukumbu ya maisha. Malaria haina ukarimu huo.

Hilo la malaria nililijua kwa damu yangu mwenyewe. Muhula wa pili tulifundishwa kusoma slaidi za damu kwa hadubini. Tulichomana vidole wenyewe kwa wenyewe, tukapaka tone nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, tukaacha likauke, tukatia rangi ya Giemsa, tukasuuza. Nikaweka tone la mafuta, nikashusha lenzi ya mia. Upande mwembamba nilianza kuziona zile nilizozikariri: neutrofili, kiini chake vipande vitatu vinne vilivyounganishwa kama shanga, limfosaiti, duara tulivu, kiini cha zambarau iliyokolea kimejaa karibu seli nzima. Nilikaa nayo muda mrefu hiyo limfosaiti. Huenda ni yenyewe iliyobeba kumbukumbu ya tetekuwanga niliyougua darasa la pili, nani ajuaye.

Kisha nikahamia upande mnene, nikaona pete. Ndogo, ya samawati, yenye nukta nyekundu kama kito. Nikasogeza, nikaona nyingine. Nilipomaliza kuhesabu chembe nyeupe 200 nilikuwa nimeona vimelea 9, na kwa hesabu tuliyofundishwa hiyo ni kama vimelea 360 katika kila maikrolita ya damu. Sikuwa na homa, kichwa hakikuuma. Wiki mbili kabla nilikuwa nyumbani Muheza kwa likizo.

Mwalimu aliinama, akaangalia, akaniambia nikachukue dozi ya dawa mseto, kisha akawaita wenzangu waje waone. Mtu aliyekulia penye mbu wengi hujenga kinga ya malaria, lakini ni kinga pungufu: inazuia asizidiwe, haizuii vimelea visiingie. Na akihama akakaa miaka mbali na malaria, inapungua. Sababu moja ni kwamba kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu kina jeni kama 60 za kutengeneza vazi analolivalisha chembe nyekundu aliyoingia. Mwili ukishalizoea vazi moja, yeye yuko kabatini anabadili lingine. Ndiyo maana chanjo ya malaria imechukua miongo mingi, hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza ya kwanza Oktoba 2021.

Yote hayo yalikuwa masomo. Yaliyonifundisha kweli yalianza Desemba 2010.

Mtoto wa dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, alikuwa na miaka miwili na miezi. Nilifika nyumbani kwa likizo nikamkuta ana homa siku ya tatu. Zahanati walimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakuna kitu. Macho yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, pua inachuruzika, kikohozi kikavu. Jioni nilimkalisha mapajani, nikawasha tochi ya simu, nikamwomba afungue kinywa. Ndani ya shavu, mkabala na magego, palikuwa na vidoa vyeupe vidogo sana kwenye wekundu, kama mtu amenyunyiza chembe za chumvi. Nilikuwa nimeviona kitabuni tu: madoa ya Koplik, daktari wa New York aliyeyaeleza mwaka 1896. Hutokea siku moja au mbili kabla ya upele. Kesho yake asubuhi vipele vilianza nyuma ya masikio, vikashuka usoni, shingoni, kifuani.

Siku kumi hivi kabla ya homa walikuwa wamekwenda Tanga mjini kwenye harusi. Watoto wengine watatu waliokuwa harusini waliugua wiki hiyohiyo. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, huweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Huna haja hata ya kuonana naye.

Bibi alikuja na fimbo yake, akamtazama mtoto, akasema asimwagiwe maji ya baridi, na tusubiri upele "utoke wote." Ukirudi ndani, alisema, mtoto amekwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na kitabu kichwani. Nikamkosoa mbele ya majirani, nikasema hizo ni imani za zamani, upele hauna pa kurudi. Bibi hakunijibu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mwaka uliofuata nilijifunza kwamba upele wa surua hauletwi na virusi peke yake. Ni limfosaiti T zinazofika kwenye ngozi na kuziangamiza seli zilizovamiwa. Upele ndio ishara kwamba kinga imeamka. Mtu ambaye kinga yake imedhoofika sana, kama mgonjwa wa ukimwi asiye kwenye dawa, anaweza kuugua surua bila upele wowote, na huyo ndiye hupata nimonia mbaya zaidi. Bibi alikosea kuhusu upele kurudi ndani. Kuhusu kuuhofia upele usiotoka, alikuwa ameona sawasawa kuliko mimi. Nilirudi kumwomba radhi. Alinipa mkono, akaniuliza kama nimekula.

Mtoto alipewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo hupunguza vifo na huokoa macho, na siku ya nane alianza kuomba chakula. Tukashukuru Mungu. Kila mtu akasema amepona.

Ngoja nieleze alivyoikosa chanjo, maana dada alilaumiwa sana. Wakati ule chanjo ya surua ilikuwa moja tu, ya miezi tisa. Ya pili, ya miezi kumi na minane, iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2014. Inasubiriwa miezi tisa kwa kuwa mtoto huzaliwa na kingamwili alizorithi kwa mama yake, na hizo zikiwa bado nyingi huidaka chanjo kabla mwili wake mwenyewe haujajifunza kitu. Dada alimpeleka siku ya kliniki, miezi tisa kamili. Alifika na mtoto mgongoni, amepanga foleni, mtoto amepimwa uzito, kadi imeandikwa. Kisha akaambiwa watoto wa surua leo ni wawili tu, hawatoshi, arudi wiki ijayo.

Kisa ni kichupa. Chanjo ya surua huja ya unga, dozi kumi kwa kichupa, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Muuguzi aliyebakiwa na vichupa vichache anaogopa kumwaga dozi nane, anaogopa na ripoti ya mwisho wa mwezi. Namwelewa, nimefanya kazi na watu kama yeye na najua wanavyobanwa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: fungua kichupa hata kama mtoto ni mmoja. Dozi nane zilizomwagwa zina bei ndogo kuliko mtoto mmoja aliyerudishwa. Dada alirudi wiki iliyofuata akaambiwa hivyohivyo. Baada ya hapo msimu wa machungwa uliingia, akaenda kuchuma kwa kibarua, na kadi ikabaki kwenye sanduku.

Sasa, baada ya kupona. Mwezi wa tatu mtoto alipata nimonia, akalazwa. Akatoka. Mwezi wa tano, kuhara kulikomwacha macho yameingia ndani. Kisha sikio likatoa usaha wiki tatu. Kisha nimonia tena. Kabla ya surua alikuwa mtoto wa kukimbia na kuku uani. Sasa alikuwa wa kubebwa. Wifi zake dada walianza kusema hamlishi mtoto, wengine wakataja uchawi. Dada alikonda kuliko mtoto. Mimi na masomo yangu sikuwa na jibu, kwa sababu kitabuni surua ilikuwa imekwisha kwenye ukurasa wa upele kukauka.

Bibi ndiye aliyesema, siku moja tunachambua mchicha: "Surua imemwachia mtoto nyumba tupu. Ndivyo ilivyo. Ukihesabu watoto waliokufa kwa surua, hesabu na waliokufa mwaka unaofuata."

Nililichukua kama neno la majonzi. Mwaka 2015 niliposoma kazi ya mtafiti Michael Mina na wenzake nilisimama, nikaisoma tena nikiwa wima. Walichukua takwimu za miaka mingi za Uingereza, Marekani na Denmark, wakakuta kwamba vifo vya watoto kwa magonjwa mengine ya kuambukiza vilipanda na kushuka pamoja na surua, na kivuli hicho kiliwafuata watoto kwa miaka miwili hadi mitatu. Bibi alikuwa amesema mwaka mmoja.

Njia yake ilianza kujulikana mwaka 2000, watafiti wa Japani walipoonyesha kitasa ambacho kirusi cha surua hukishika ili kuingia ndani ya seli. Kitasa hicho kipo kwenye seli za kinga zenyewe, na seli za kumbukumbu zina vingi. Kwa hiyo surua haipigani tu na walinzi. Inaingia kwenye chumba cha kumbukumbu na kuwaua wale wanaozijua sura za wezi wengine wote: wa nimonia, wa kuhara, wa sikio. Mwaka 2019 vipimo vya damu ya watoto 77 wa Uholanzi, waliokuwa hawajachanjwa, vilitoa hesabu: ndani ya miezi miwili baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Waliochanjwa hawakupoteza kitu. Na ajabu yenye uchungu ni kwamba katika uharibifu wote huo, mwili unaikumbuka surua yenyewe maisha yote.

Nilisafiri nyumbani na kurasa hizo. Bibi alikuwa haoni vizuri tena, nikamsomea kwa Kiswahili changu, polepole. Dada alikuwa pembeni anamenya muhogo. Nilipofika kwenye watoto wa Uholanzi aliacha kumenya, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Alikaa huko muda. Miaka tisa alikuwa amebeba neno la wifi zake.

Bibi aliuliza jambo moja tu. "Mtoto aliyeugua surua mwaka huu, mwaka kesho nani anamwangalia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tunachukua damu, tunatenga majimaji yake, tunatuma maabara ya taifa, majibu yanarudi, fomu inafungwa. Mtoto anakwenda nyumbani na kinga iliyofutwa, na mama yake haambiwi.

Niliporudi kazini nilinunua daftari la kaunta. Kila mtoto aliyethibitishwa surua katika kituo chetu naandika jina, kitongoji, simu ya jirani. Kila mwezi, kwa miaka miwili, napiga simu au namtuma mhudumu wa afya wa kijiji. Namwambia mama mambo yasiyozidi matatu: mtoto akikohoa usingoje siku ya pili, akihara mpe maji ya chumvichumvi na umlete, chanjo zilizobaki zimalizwe. Na namwambia kwamba akiugua tena si kosa lake. Hilo la mwisho nalisema kwanza siku hizi, nimeona likitanguliwa na mengine hawalisikii.

Jumatatu iliyopita aliingia mama mmoja na mtoto wa miaka miwili, kikohozi tangu jana. Foleni ilikuwa imefika nje. Nilimtambua kwa sauti ya simu kabla ya jina. Nikafungua daftari: surua, miezi saba iliyopita. Nikamshika mkono hadi chumba cha tabibu, nikamwonyesha tabibu ukurasa, tukamfungua mtoto shati. Tulihesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia kwenye titi. Zilikuwa 52, kwa umri wake, 40 tu zinatosha kusema ni nimonia. Mama alikuwa anatutazama midomo. Dozi ya kwanza ya amoksilini aliinywa palepale, imeyeyushwa kwenye kijiko cha maji.